Saa Saba za Kwenda, Saa Ishirini na Mbili za Kurudi

Miongoni mwa maswali yanayopendwa na wanachuo wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha ni yale ya umbali, muda na mwendo. Ni maswali mazuri, kwani huunganisha Hisabati na Jiografia, nao watoto huyapokea kwa furaha, hasa yakitaja ndege. Lakini kuna namna ya kuyafundisha ambayo tumekuja kuiona kuwa ni ya hatari, na tungependa kuieleza kwa urefu, kwa sababu sisi wenyewe tumeshiriki katika kosa hilo.

Tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa la sita, daftari za usimamizi mapajani, tukimsikiliza mwanachuo mmoja hodari. Aliandika ubaoni: Ndege iliondoka Nairobi saa 5:30 usiku, ikafika New York saa 12:30 asubuhi. Je, ilisafiri kwa muda gani? Watoto wakahesabu kwa vidole, wakajibu saa saba. Akawapigia makofi. Akaandika swali la pili: Ndege hiyo iliondoka New York saa 6:30 mchana, ikafika Nairobi saa 4:30 asubuhi ya kesho yake. Wakahesabu tena, wakajibu saa ishirini na mbili. Akaweka alama ya vema.

Hapo msichana mmoja wa dawati la mbele akanyosha mkono. “Mwalimu, ndege ni ile ile?” Akajibiwa kuwa ni ile ile. “Na njia ni ile ile?” Naam, ni ile ile. “Sasa mbona kurudi imechelewa mara tatu?” Mwalimu akafikiri kidogo, akasema kuwa labda wakati wa kurudi ilibeba mzigo mzito. Darasa likacheka, msichana akaketi, somo likaendelea.

Tusimlaumu mwanachuo peke yake. Andalio la somo lile tulikuwa tumelipitia na kulitia sahihi asubuhi ile ile, na hatukuona kasoro yo yote. Aliyeiona ni mtoto wa darasa la sita, naye alinyamazishwa kwa mzaha.

Hebu tuyatazame majibu yale. Kutoka Nairobi hadi New York, kwa njia iliyo fupi kupita zote juu ya uso wa dunia, ni kilomita zipatazo 11,840. Tukizigawa kwa saa 7 tunapata mwendo wa kilomita 1,690 hivi kwa saa. Sauti yenyewe huenda kilomita zipatazo 1,200 kwa saa karibu na ardhi, kwa hiyo watoto wale walikubaliwa jibu la ndege ya abiria inayoishinda sauti. Ndege ya Concorde, ambayo kweli iliishinda sauti, iliacha kubeba abiria mwaka 2003. Tukizigawa kilomita zile zile kwa saa 22 tunapata 538. Ndege moja, njia moja, na tofauti ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa saa! Laiti mwalimu angewaambia watoto wagawe tu, kosa lingejitokeza lenyewe ubaoni.

Ukweli ni huu. Tarehe 28 Oktoba 2018 Shirika la Ndege la Kenya lilianzisha safari ya moja kwa moja kati ya miji hii miwili, na muda wake ni kiasi cha saa 15 kwenda na saa 14 hivi kurudi. Nyakati alizoziandika mwanachuo hazikuwa za kubuni tu. Zinalingana vema na safari ya namna hiyo. Kosa lilikuwa katika kutoa. Alitoa saa ya Nairobi katika saa ya New York kana kwamba saa mbili hizo zimetundikwa ukuta mmoja. Wakati wa majira ya baridi ya huko, saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa 8. Inapokuwa saa 12:30 asubuhi New York, Nairobi imekwisha kuwa saa 8:30 mchana. Kuanzia saa 5:30 usiku hadi saa 8:30 mchana ni muda wa saa 15. Wakati wa kurudi, saa 6:30 mchana ya New York ni saa 2:30 usiku ya Nairobi, na kuanzia hapo hadi saa 4:30 asubuhi ni muda wa saa 14.

Kwa nini basi mwanachuo hodari akosee? Kwa sababu alifundishwa kanuni bila kufundishwa mipaka yake. Tangu darasa la tatu tunawaambia watoto: toa wakati wa kuondoka katika wakati wa kufika. Kanuni hii ni sahihi kwa basi la kutoka Dodoma kwenda Morogoro, na ni sahihi kwa gari moshi la kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kwa kuwa nchi nzima inatumia saa moja. Hatuwaambii kamwe kuwa kanuni inafanya kazi kwa sababu saa mbili zinakubaliana. Mtoto huichukua kama sheria ya ulimwengu, akaenda nayo hadi ng’ambo ya bahari.

Wapo wenzetu wanaosema kuwa dawa ni kuyaacha maswali ya miji ya mbali, turudi kwenye mabasi. Wanauliza, mtoto wa Nachingwea ana haja gani na New York? Tunawaelewa, na katika jambo moja tunakubaliana nao: somo lianze na basi. Lakini hata basi halibaki ndani ya mipaka. Rwanda na Burundi hutumia saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja, na ndivyo ilivyo mashariki ya Kongo. Tuseme basi linaondoka Ngara saa 2:00 asubuhi, linavuka daraja la Rusumo, na kufika Kigali saa 5:00 asubuhi kwa saa ya huko. Limetumia muda wa saa 4, si 3. Watoto wa Ngara na Kigoma wana wajomba na mashangazi ng’ambo ya mpaka, na wengi wao wanalijua jambo hili kabla ya mwalimu kulitaja. Kwao New York ni Rusumo iliyorudiwa mara nane.

Hata ndani ya nchi yetu jambo hili lina mlango. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa, au digrii moja kwa dakika 4. Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa digrii zisizopungua 9 na nusu. Kwa hiyo jua huwafikia watu wa Kigoma zaidi ya nusu saa baada ya kuwafikia watu wa Dar es Salaam, ingawa redio huwatangazia wote saa moja. Mwalimu aliyepata kuhama kutoka pwani kwenda Kigoma hukumbuka jinsi alivyoshangaa kuona bado kuna mwanga wakati ambapo kwao taa zimekwisha kuwashwa. Aanze na mshangao huo.

Na hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Saa za Kiswahili zinaanza na jua: likichomoza, mchana umeanza kuhesabiwa, likitua, usiku nao unaanza. Mtoto anayejua kuwa saa moja ya asubuhi maana yake jua limekuwa juu kwa muda wa saa moja hapati taabu kuelewa kuwa watu wa New York hawawezi kuwa na saa moja yao wakati ule ule ambapo sisi tuna saa moja yetu. Lakini lugha hiyo hiyo ina mtego. “Saa saba” ni wakati fulani baada ya adhuhuri, na “saa saba” pia ni urefu wa muda. Mwalimu na aseme daima “muda wa saa saba” anapotaja urefu. Tumeona madaftari ambayo mtoto aliulizwa urefu wa safari akaandika “saa saba mchana”, na mwalimu asijue amsahihishe vipi.

Mtego wa pili ni tiketi. Tiketi huandika 23:30, wala haisemi saa 5:30 usiku. Tena wakati ulioandikwa ni wa mahali ndege ilipo: wa kuondoka ni wa Nairobi, wa kufika ni wa New York. Katika darasa tumeona inafaa kutumia saa mbili za boksi, moja imeandikwa Nairobi na nyingine New York, na ya tatu ndogo, ambayo ni ya mkononi mwa abiria. Abiria huyu tumempa sharti moja: asiiguse saa yake njiani. Akifika, saa yake inasema 8:30, ile ya ukutani mwa uwanja inasema 12:30, na watoto wenyewe wanagombana ni ipi iliyo ya kweli. Waache wagombane. Wakitulia watagundua kuwa saa ya mkononi ndiyo inayojua urefu wa safari, na ile ya ukutani inajua tu kama chai ya asubuhi imekwisha kuandaliwa. Tahadhari moja tu: kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, watu wa New York husogeza saa zao mbele kwa saa moja, na tofauti inakuwa 7. Swali lako litaje tofauti waziwazi.

Abiria wetu ana jambo jingine la kuwasimulia watoto. Akiondoka mwezi Januari, jua linamtulia Nairobi baada ya saa 12:30 jioni, na anapotua New York saa 12:30 asubuhi bado ni giza, maana katika mwezi huo jua la huko huchomoza baada ya saa 1:00. Tangu jua lilipotua hadi litakapochomoza ameishi usiku mmoja wa zaidi ya saa 20. Alikuwa akiukimbia mchana njia nzima, nao ukimfuata nyuma. Hatujaona darasa lililopiga miayo likisimuliwa hivyo.

Sasa umbali. Hapa kosa ni la rula. Mwanachuo hutundika ramani ya dunia, huweka rula kati ya miji miwili, huzidisha kwa kipimo cha ramani, na kuandika jibu. Katika ramani nyingi za ukutani jibu hilo litapita kilomita 13,000, na mstari utapita Kamerun, Nijeria na Mali kabla ya kuingia baharini. Dunia si karatasi. Njia iliyo fupi kupita zote huelekea kaskazini-magharibi, hupita juu ya Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, huvuka Moroko, ndipo hushika Atlantiki. Ramani hiyo imewadanganya watoto kwa zaidi ya kilomita elfu moja, na kuwapitisha nchi ambazo si za njia hiyo.

Tunajua jibu la wanachuo: shule zetu hazina tufe. Ni kweli, nyingi hazina. Lakini tumeona shule chache mno zisizo na mpira. Mpira wa miguu wa kawaida una mzunguko wa sentimita 70 hivi, na mzunguko wa dunia ni kilomita 40,000. Basi kila sentimita ya mpira ni kilomita 571. Watoto wafunge uzi kuuzunguka mpira katikati, hiyo ndiyo ikweta. Ncha ya kaskazini itakuwa sentimita 17 na nusu juu yake. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo iwekwe nukta juu ya uzi. Kutoka hapo wapime sentimita 21 na nusu kuelekea magharibi, kisha wapande sentimita 8 kasoro kidogo kuelekea ncha ya kaskazini. Hiyo ndiyo New York. Sasa wachukue uzi mwingine, waukaze kutoka nukta hadi nukta, wala wasiulazimishe njia. Uzi utajichagulia njia wenyewe. Wakiupima watapata kati ya sentimita 20 na nusu na 21, ambayo ikizidishwa kwa 571 inatoa kilomita kati ya 11,700 na 12,000.

Tumelifanya jambo hili kwa mpira wa kununua na kwa mpira wa matambara ulioviringwa na watoto wenyewe. Wa matambara una taabu yake, kwa vile si mviringo kamili, lakini mzunguko wake ukipimwa na 40,000 ikagawiwa kwa sentimita zile, jibu haliendi mbali na kweli. Tena kosa dogo linalotokana na mpira wa matambara lina faida: mtoto anajua limetoka wapi.

Ndege yenyewe, ni lazima tukiri, haifuati uzi kila siku. Huzunguka dhoruba, na huzunguka nchi. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, anga la nchi hiyo lilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege zilizozoea kupita huko zikalazimika kushika njia ndefu zaidi. Umbali wa uzi ni kipimo cha chini kabisa, nao utajwe hivyo darasani.

Imebaki saa moja isiyoelezwa: mbona kwenda ni 15 na kurudi ni 14? Swali hili wanachuo wengi hulijibu haraka, na hulijibu vibaya. Husema kuwa dunia inajizungusha chini ya ndege. Jibu hili lajipinga lenyewe. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki. Kama ndege ingekuwa imening’inia tu huku dunia ikipita chini yake, New York ingekuwa inakuja kumlaki anayetoka Nairobi, na safari ya kwenda ingekuwa ndiyo fupi. Mambo ni kinyume. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa, kama nzi aliyemo ndani ya basi linalokwenda.

Sababu ni upepo. Katika sehemu za kaskazini ambako njia hii hupita, pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwenye kimo cha kilomita 10 hivi zipo mahali zinapovuma kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Anayekwenda New York anapambana nazo. Anayerudi anabebwa nazo. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili upya. Nahodha wa jahazi wa zamani hakukadiria safari ya Maskati kabla ya kujua ni msimu gani, kwani kusi ilimpeleka na kaskazi ikamrudisha, na aliyekosea msimu alikaa bandarini miezi. Maili za baharini kati ya Unguja na Maskati zilikuwa zile zile mwaka mzima. Mwalimu wa Bagamoyo au Kilwa anayefundisha pepo za juu bila kumtaja nahodha huyo amepoteza zana iliyo bora kuliko zote alizo nazo.

Tena kuna muda wa ndege na muda wa msafiri, navyo si kitu kimoja. Kutoka Dar es Salaam hadi New York kwa uzi ni kilomita 12,400 hivi. Abiria anayepitia Dubai huenda kwanza karibu kilomita 4,000 kuelekea kaskazini-mashariki, yaani anaipa New York mgongo, kisha kilomita zipatazo 11,000 kuigeukia. Ameongeza karibu kilomita 2,500, na bado hatujahesabu saa za kungojea ndege ya pili, wala foleni ya pasi, wala basi la kutoka Songea lililomfikisha uwanjani. Watoto wahesabu vyote. Katika darasa moja tulipowaambia watoto waanze safari mlangoni mwa nyumba yao, walitupa majibu ya siku mbili na tatu, na kila mmoja aliweza kulitetea jibu lake. Mwaka 1937 ndege za majini za Kiingereza zilianza kutua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi katika njia ya kati ya Southampton na Durban, safari iliyochukua siku kadhaa kwa vituo vingi. Bahari na nchi hazijasogea tangu hapo.

Tulirudi katika darasa lile la sita wiki ya pili yake, na mwanachuo wetu alikuwa na mpira chini ya kwapa na saa za boksi mkononi. Alianza kwa kuwaambia watoto kuwa majibu mawili aliyoyawekea vema wiki iliyopita hayakuwa sahihi, na kwamba kosa ni lake na la wasimamizi wake. Kukawa kimya kidogo. Kisha akamwita yule msichana wa dawati la mbele aje aushike uzi upande wa Nairobi.

Walipofika kwenye upepo, msichana akanyosha mkono tena. Alitaka kujua, ikiwa ndege itaondoka siku ambayo pepo za juu zimetulia kabisa, safari mbili zitakuwa sawa? Mwanachuo akatutazama sisi kule nyuma. Tukamwachia ajibu mwenyewe, naye akageuka ubaoni, akaandika 11,840, na kuwataka watoto waseme ni namba gani inayokosekana ili tuweze kujua.